Mzee wa Moshi

Kosa langu lilianzia kwenye kitufe cha Tab. Anayecheza Counter-Strike anakijua: ukikibonyeza unaletewa jedwali la wachezaji, nani kaua wangapi na kafa mara ngapi. Mwaka wa pili wote, kila raundi ikiisha, kidole changu kilikuwa hapo. Nilikuwa natafuta jina langu, na mara nyingi nililikuta juu kabisa.

Kwa wasioujua mchezo huu: ni watano kwa watano. Upande mmoja unataka kutega bomu, mwingine unalinda. Ukifa, unakaa kutazama wenzako mpaka raundi iishe. Sisi tulicheza toleo la 1.6, la mwaka 2003, na si kwa kupenda mambo ya kale. Kompyuta zetu ni hizi hizi mnazozijua, zinazohema ukifungua kurasa mbili za intaneti, lakini 1.6 zinaibeba. Halafu haili bando. Mnaunganisha kompyuta kwa kebo kwenye swichi moja, mnakaa vitandani, mnapigana hadi usiku wa manane au umeme ukatike.

Swichi ilikuwa ya Mzee wa Moshi. Aliinunua kwa bumu la muhula wa kwanza, wakati wenzake tukinunua viatu. Jina tulimpa kutokana na kazi yake, maana kwenye timu kila mtu alikuwa na yake. Kulikuwa na mvunja mlango, anayeingia wa kwanza na mara nyingi kufa wa kwanza, ili wanaomfuata wajue adui kajibanza wapi. Kapteni alipanga mbinu na kutufokea. Mmoja alizunguka peke yake nyuma ya adui kama mwizi wa kuku. Mimi nilikuwa mdunguaji, mwenye AWP, ile bunduki ya darubini ambayo risasi moja ya kifuani inatosha. Na Mzee alirusha mabomu: moja la moshi, mawili ya mwanga yanayompofusha adui kwa sekunde chache. Kisha akafuata nyuma.

Sasa tuje kwenye hela. AWP inauzwa dola 4,750 za mchezo, na raundi ya kwanza kila mtu huanza na 800. Nyingine unaipata kwa kuua na kwa timu kushinda. Ukifa, bunduki imekwenda. Mdunguaji akifa mara mbili mfululizo ni fukara wa kutupwa. Lakini mimi sikuwahi kuwa fukara, kwa sababu Mzee alikuwa ananunua AWP kwa pesa zake na kunidondoshea miguuni, yeye anabaki na bastola na mabomu yake ya dola 700. Sikuwahi kusema asante. Nilidhani ndivyo timu inavyokwenda, kama vile maji yanavyotoka bombani.

Kwenye mashindano ya mabweni tulishinda robo fainali 16 kwa 11. Nikabonyeza Tab: mimi 31, Mzee 6. Ghorofa ya juu kulikuwa na dogo wa mwaka wa kwanza, mkono wake noma kweli kweli. Nikamwambia kapteni tumwingize dogo, Mzee apumzike. Kapteni akasema sawa, ila wewe ndiye utamwambia.

Nilimwambia kwenye korido, nimeshika ndoo ya maji. "Kaka, jedwali halidanganyi." Hayo ndiyo maneno niliyotumia kwa mtu aliyekuwa akinipa bunduki.

Aliuliza swali moja tu: "Dogo anaujua moshi wa kati?"

"Atajifunza."

"Haya."

Siku ya nusu fainali alikuja na swichi yake. Akachomeka kebo zote kumi, akazijaribu moja moja, akapanda kitanda cha juu na kuanza kula karanga.

Tulicheza Dust2. Katikati ya ramani ile kuna milango ambayo mdunguaji wa walinzi hupenda kuivizia, na ukitaka kupanda njia fupi ya kwenda A lazima ukatize mbele ya darubini yake. Moshi ukitua pale mlangoni haoni kitu, watu wanapita. Mimi nilikuwa nimepita pale mara mia na nilijiona mjanja. Raundi ya kwanza tuliyojaribu bila Mzee, mvunja mlango akaanguka kabla hajamaliza kukatiza. Ya pili, dogo akarusha moshi, ukagonga ukuta na kutua miguuni mwetu. Vipofu tukawa sisi.

Raundi ya saba niliuliza nani ana pesa anisaidie AWP. Kimya. Kila mtu alikuwa amejinunulia ya kwake, na kwa nini asijinunulie? Dogo aliua zaidi ya watu 20, lazima niseme ukweli. Tulifungwa 16 kwa 7. Kitanda cha juu hakuna aliyesema neno, nilisikia maganda ya karanga tu.

Wapo watakaosema lawama ni za mchezo wenyewe, na kuna ukweli humo. Matoleo ya baadaye, kama CS:GO ya mwaka 2012, yana safu ya waliosaidia kuua. Afadhali, lakini hata safu hiyo haihesabu moshi. Ni kama kazi za makundi za darasani: kila mtu anataka kusimama mbele kuwasilisha, aliyepanga marejeo usiku kucha hata jina lake linakosewa.

Wiki iliyofuata nilimfuata chumbani. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Akanikatiza kwenye sentensi ya pili: "Kaa. Leo AWP ni yangu, wewe tupa moshi." Akanionyesha pa kusimama na pembe ya ukuta ya kulenga. Nilirusha mara 11 ndipo ukatua mlangoni, naye kila nilipokosa alisema "tena" bila kuinua sauti. Kisha tukaingia mechi. Nilimnunulia AWP tatu, akakosa hata adui aliyesimama wima, na nilipopeleka kidole kwenye Tab alinipiga kofi la mkono. Nilimaliza na watu wanne. Yeye alinizidi kwa mmoja tu, ila kwa kelele alizopiga, majirani walikuja kugonga mlango.

Kwenye timu hajarudi. Anasema yuko mwaka wa mwisho na ana ripoti ya kuandika. Huenda ni kweli. Swichi bado anatuazima.