Daktari alipohitaji uso wa mama

Kwa siku mbili za mwanzo, mama huyo aliamini kwamba hana kazi yoyote pale. Katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja ya rufaa Kanda ya Ziwa, kila alichozoea kumfanyia mwanawe kilikuwa kimepata mtu mwingine. Uji ulipita kwenye mpira wa puani. Mkojo uliingia kwenye mfuko pembeni mwa kitanda. Nesi ndiye aliyemgeuza mtoto, akamfuta mwili na kumpaka mafuta midomoni. Yeye alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikononi ameshika kanga ambayo juzi tu alikuwa amembebea mgongoni.

Mtoto ana miaka mitatu na miezi minne. Homa ilimwanza Jumapili. Mama yake, fundi cherehani, alimpa dawa ya kushusha homa. Jumatatu mtoto akala ndizi na kucheka kidogo, mama akarudi kwenye nguo za wateja. Jumanne alfajiri mtoto akakakamaa, macho yakageuka juu, povu likamtoka mdomoni.

Mama mkwe, alipopigiwa simu kijijini, alisema: "Hiyo ni degedege, mwanangu. Usimpeleke kuchomwa sindano. Mwenye degedege akichomwa sindano hafiki jioni."

Ni imani ya zamani katika sehemu nyingi za Tanzania, na mama huyo alikua akiisikia. Lakini bodaboda alikuwa tayari mlangoni. Kituo cha afya walimpima wakakuta malaria, na sukari ya mwili imeshuka sana. Wakampa sukari kwenye mshipa na sindano ya kwanza ya artesunate kabla gari la wagonjwa halijaondoka.

Basi mtoto alipoingizwa ICU bila kuzinduka, kichwani mwa mama kulikuwa na sauti mbili. Moja ilisema angemleta tangu Jumapili. Nyingine ilikuwa ya mama mkwe, kuhusu sindano. Akisikiliza hii ana hatia, akisikiliza ile ana hatia.

Akajitafutia kazi: kutazama skrini. Namba zikishuka, moyo unashuka nazo. Mashine ikilia, anasimama. Usiku wa pili nesi akamvuta pembeni.

"Mama, hii inalia hata waya wa kidoleni ukilegea. Skrini tuachie sisi, wewe mwangalie mtoto. Ukiona jambo lolote ambalo si kawaida yake, niite. Sisi tumemjua jana, wewe umemzaa."

Kisha akampa ushauri wa pili: atafute daftari na kuandika maswali yake, kwa sababu madaktari wakipita asubuhi mambo huenda haraka na mzazi husahau alichotaka kuuliza. Mama akaandika matatu. Kwa nini daktari anamfinya kucha? Kwa nini dripu inadondoka polepole? Je, ananisikia?

Swali la kwanza ndilo lililomuumiza zaidi. Kila asubuhi daktari alibonyeza kucha ya mtoto kwa kalamu, na mama alitamani kumshika mkono. Daktari akamweleza kwamba anapima kina cha kupoteza fahamu. Mtu mzima huulizwa jina lake na mahali alipo, lakini mtoto mdogo hawezi kujibu hayo. Ndiyo maana mwaka 1989 watafiti waliokuwa wakitibu watoto wenye malaria kali huko Blantyre, Malawi, walichapisha kipimo chao. Huangalia mtoto anafanya nini akiumizwa kidogo, analia vipi, na macho yake yanafuata nini. Alama zote ni 5. Mtoto mwenye alama 2 au chini yake amepoteza fahamu kabisa. Huyu alikuja na 1. Asubuhi hiyo aliuvuta mkono na kuguna, akapata 2.

Swali la dripu lilikuwa limeulizwa na ndugu wote waliopiga simu. Wengi huona maji mengi ndiyo tiba, na dripu ya polepole ni uzembe. Daktari akasema hata madaktari waliamini hivyo kwa miaka mingi, hadi ulipotoka utafiti wa mwaka 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 waliolazwa na homa kali. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi, karibu 11 katika kila 100, kuliko wale ambao hawakupewa, takriban 7 katika kila 100. Polepole ile ilikuwa ya makusudi.

Kwa swali la tatu daktari alinyamaza kwanza. "Siwezi kukuhakikishia kwamba anasikia," alisema. "Zungumza naye kama anayesikia."

Siku ya tatu bibi akafika kwa basi, na kapu la ndizi asilolijua pa kulipeleka. Mama alikuwa akiogopa ujio huo kuliko kelele za mashine. Waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Kutoka dirishani, mama alimwona mkwewe akinawa mikono taratibu kama alivyoelekezwa, akainama kitandani na kumsemesha mjukuu kwa utani wao wa siku zote: "Mume wangu, unalala mpaka saa hizi? Nani atanifungulia kuku?"

Alipotoka nje, walikaa kwenye benchi kwa muda. Kisha bibi akasema bila kuulizwa: "Wa kwangu nilimhangaisha kwa waganga siku tatu. Nilipomfikisha hospitali wakamchoma sindano, akafa jioni ile. Tukasema ni sindano." Akafunga kanga vizuri. "Wewe ulifanya haraka, mwanangu."

Mama hakujibu. Usiku huo, kwa mara ya kwanza, alikubali kwenda kulala huku bibi akibaki kwenye kiti.

Asubuhi ya nne mtoto alikuwa amefumbua macho, ila yalitazama dari tu. Daktari akamwita mama: "Njoo usimame hapa, akuone. Sasa sogea kushoto, taratibu." Mama hakujua ni kwa nini, akasogea. Macho ya mtoto yakabaki juu. Akarudi, akainama zaidi, akamwita jina lake la nyumbani, akasogea tena. Safari hii macho yalimfuata.

Daktari akaandika alama 1 ya macho. Ndivyo kipimo kile kilivyo tangu mwanzo: miongoni mwa mambo yanayotazamwa ni kama mtoto anaufuata uso wa mama yake. Siku zote zile mama alidhani ni mtu wa ziada chumbani, na kumbe kulikuwa na alama inayomsubiri yeye.

Mtoto alipoweza kumeza, sindano zilifuatiwa na dawa mseto ya siku tatu, akahamishiwa wodi ya kawaida. Lakini malaria iliyopanda kichwani haimalizi habari yake getini. Baadhi ya watoto wanaopona hubaki na shida ya kusikia, kuongea au kutembea, wengine hupata kifafa, na wengine shida yao huonekana wakianza shule. Kwa hiyo kliniki ya marudio si ya kukosa.

Na kwa mzazi mwenye mtoto mwenye homa leo: mpeleke akapimwe ndani ya saa 24. Akipata degedege, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usisubiri kuche. Wakati wa degedege mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni.

Mama yule alirudi kliniki baada ya mwezi mmoja. Daktari hakuanza na faili. Aliuliza, "Mama, umeona nini nyumbani?" Akafungua lile daftari na kusoma: anayumba upande wa kulia akikimbia, wiki ya kwanza alisahau jina la rafiki yake, sasa analikumbuka, usiku anashtuka, jana amewafungulia kuku wa bibi mwenyewe.

Daktari akavuta kiti karibu, akaanza kuandika.