Samatta Wangu Mgongoni mwa Daladala

Kazi ya mteja huwa na watu wengi ndani yake. Yumo meneja anayetaka nembo ikuzwe, yumo mhasibu aliyekata bajeti ya picha, yumo bosi mwenye rangi yake. Sisi madizaina tumezoea, maana vipeperushi, kadi za harusi na lebo za maji ndivyo vinavyolipa kodi ya chumba. Mchoro wa mshambuliaji Mbwana Samatta nilioutengeneza Machi 2020 haukuwa na yeyote kati ya hao. Niliuchora kwa sababu nilikuwa na furaha ambayo sikujua niipeleke wapi.

Tarehe 1 mwezi ule, katika fainali ya Kombe la Carabao pale Wembley, Aston Villa ya Samatta walikuwa nyuma mabao mawili dhidi ya Manchester City. El Ghazi akamimina krosi, Samatta akajirusha, kichwa, wavuni. Villa walilala 2–1, lakini kwetu lile moja lilitosha. Mtoto wa Mbagala aliyepita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, amefunga Wembley!

Bao lenyewe sikulichora. Nilichora uso. Nilipanga picha nyingi mbele yangu nijifunze mifupa ya mashavu na mkao wa macho, kwani kuipitishia kalamu picha moja ni kuchukua jasho la mpigapicha. Kisha nikafanya kazi kwa vekta, rangi chache bapa: damu ya mzee ya jezi, buluu ya mikono, na kahawia kadhaa za ngozi. Ngozi ndiyo iliyonikesha. Mabango mengi huwachubua wachezaji wetu, na mimi nilimtaka Samatta mweusi kama alivyo juani. Nyuma yake, badala ya majukwaa ya Wembley, niliweka mapaa ya bati na nyaya za umeme za Mbagala. Chini pembeni, jina langu.

Nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la wapenda soka. Basi, ukanitoka mkononi. Nikauona kwenye kioo cha bajaji. Nikauona mgongoni mwa daladala la Mbagala Rangi Tatu, mkubwa kuliko kondakta. Ukatundikwa nje ya kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, ukaingia kwenye flana za Mtaa wa Kongo. Katikati ya mwezi corona ikafika, ligi ikasimama, vibanda vikanyamaza, lakini Samatta akaendelea kupita barabarani. Nilisimama kituoni nikaliacha gari langu liondoke ili nimtazame vizuri.

Kilichoniumiza kwanza kilikuwa cha kiufundi. WhatsApp huibana picha, na picha iliyobanwa ukiivuta hadi ukubwa wa bango, kingo humeguka vipande. Halafu skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa kwa wino wa rangi nne. Asiyejua kuoanisha hivyo viwili, damu ya mzee humtokea kama matope au waridi. Hayo nayavumilia. Lakini kwenye flana moja walikuwa wameung'arisha uso, ule uso niliokesha nao, na pale palipokuwa na jina langu pana namba ya simu ya muuzaji.

Watu wananiambia nikashtaki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa msanii haki tangu anapoiumba kazi, hata bila kuisajili, ikiwemo haki ya kutajwa. Naipenda sheria hiyo, na kampuni moja iliyouweka mchoro kwenye tangazo lake niliiandikia kwa kuitegemea; wakauondoa. Ila uso ni wa Samatta, na rangi zile ni za klabu yake ya wakati ule, ndiyo maana mimi mwenyewe sijauuza. Dereva wa bajaji simdai chochote. Amebandika kwa sababu ileile iliyonifanya nichore, na kumfuata yeye kungekuwa kuikana furaha yangu. Anayeuza na kufuta jina, huyo ni mwingine kabisa.

Kwa hiyo nilichukua faili halisi la vekta kwenye flashi, nikaenda Kariakoo kwa mzee mmoja anayechapa stika, nikampa bure pamoja na vipimo vya wino vya kila rangi. Jina sasa nimelihamishia kwenye kibao cha duka kati ya yale mapaa, karibu na sikio la Samatta, mahali ambapo huwezi kukata bila kumkata yeye. Mzee akachapa moja ya majaribio, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Huyu ndiye," akasema. "Na Msuva, mwenzake wa timu ya taifa, je, kijana, unaye?"

Nikamwambia, "Nipe hadi Ijumaa, mzee wangu."