Mto Mdogo wa Rubicon

Msafiri atokaye Cesena kwenda Rimini, katika nchi ya Italia, hupita Savignano, penye daraja la mawe juu ya mto mwembamba. Mwaka 1933 mto huo ulipewa rasmi jina la kale la Rubicon.

Rubicon ya zamani ilikuwa mpaka: jemadari alikatazwa kuuvuka na jeshi lake na kuingia Italia. Januari, mwaka 49 kabla ya Kristo, Julius Caesar aliuvuka. Vita vya Waroma wao kwa wao vikawaka. Ndiyo asili ya msemo wa Ulaya, «kuvuka Rubicon», yaani kukata shauri lisilorudi nyuma.

Maji yalikuwa haba, hatua ilikuwa nzito. Nasi twanena: maji yakimwagika hayazoleki. Basi tufikiri tungali ng'ambo hii.