Kanda Niliyoitwaa

Mwaka 1988, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimnyang'anya mwanachuo mmoja kanda ya The Wall, albamu ya Pink Floyd iliyotoka mwaka 1979. Niliambiwa humo watoto wa shule ya London wanaimba kuwakataa walimu. Sikuisikiliza, niliifungia kabatini.

Nilipostaafu niliikuta katika sanduku la makaratasi, nikaisikiliza. Kwa sikio langu ni ndefu mno, na huzuni yake inachosha. Lakini ule wimbo wa shule ulinichoma: unamkataa mwalimu mwenye dhihaka. Mwaka 1980 serikali ya makaburu iliupiga marufuku, baada ya wanafunzi weusi kuuimba katika migomo yao. Nami, niliyewahubiria wanachuo ukombozi, nilikuwa nimefanya yale yale.

Baadaye mwanangu alinisikilizisha Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, ya mwaka 2001. Hiyo naipenda zaidi: katika “Ndio Mzee” anamcheka mwanasiasa wa ahadi tele, kwa Kiswahili cha watu. Sikuinyang'anya.

Mwenye kanda ile sijui aliko. Ningemrudishia, nimwombe radhi.