Mkanda wa Injini, Birmingham na Ilemela

Hapa Birmingham, mkanda wa nje wa injini, ule unaozungusha alteneta na kompresa ya kiyoyozi, na katika magari mengi hata pampu ya maji, aghalabu hubadilishwa kwa mujibu wa daftari la matengenezo, hata kama haujalia. Wapo wanaodhani kwamba serikali ndiyo inayoshurutisha jambo hilo katika ukaguzi wa kila mwaka, ambao gari huanza kupelekwa litimizapo miaka 3. Kumbe ukaguzi huo hutazama breki, taa, matairi na moshi, na hali ya injini haimo. Hakimu ni daftari, na mnunuzi wa baadaye atakayetaka kulisoma kabla ya kutoa fedha zake.

Kwetu Ilemela, mkoani Mwanza, daftari hilo mara nyingi limebaki Japani gari lilikotoka, nazo kilomita za kwenye dashibodi hazina shahidi. Ndiyo maana mkanda huhukumiwa kwa sikio. Gari likipiga kelele asubuhi, fundi hodari wa Pasiansi huumwagia mkanda maji kidogo injini ikizunguka: kelele ikizidi, mkanda umelegea, ikinyamaza kisha ikarudi, puli zimepishana, na mkanda mpya peke yake si dawa. Maarifa haya nayastahi sana. (Wale wapakao sabuni ya mche siwasemi, kelele hukoma, maradhi yakasalia.)

Lakini jicho lililozoea kutafuta nyufa siku hizi hudanganyika. Mikanda ya zamani ya neoprini ilipozeeka ilipasuka, ikajishitaki yenyewe. Ilhali hii iliyoenea tangu miaka ya 1990, ya mpira wa EPDM, hulika kama tairi, mifereji yake ikipanuka kidogo kidogo, hasa penye vumbi kama la Buswelu, hata ikateleza juu ya puli nayo ingali myeusi, mizima ya kutazama.

Kwa hiyo anayetoa gari bandarini Dar es Salaam na auhesabu mkanda usiojulikana umri kuwa umekwisha muda, autie mpya, na aandike tarehe na kilomita chini ya boneti. Dukani asiridhike muuzaji akining'iniza wa zamani na mpya kulinganisha urefu, kwani wa zamani huenda umevutika. Asome namba ya mgongoni: 6PK1230 ni mifereji 6 na milimita 1,230. Ule uliotolewa, kama haujachakaa mno, akae nao kwenye buti, maana usiku njia ya Shinyanga haina duka la spea.