Tulipoibadilisha Namba Moja

Kabla ya kuingia seminarini sisi wawili tulisoma fizikia chuo kikuu. Mradi wetu wa mwaka wa mwisho una kisa ambacho hatujawahi kukisimulia hapa.

Tulipewa oksaidi ya lantani na shaba, kitu cheusi ambacho atomi zake zimepangana tabaka juu ya tabaka kama chapati sahanini. Kazi yetu ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta mwenendo wa elektroni zake. Kompyuta ikajibu kwamba kinapitisha umeme. Vipimo vya maabara, vilivyochapishwa miaka mingi kabla yetu, vinasema hakipitishi. Tulirudia wiki sita, jibu lile lile. Siku tano kabla ya kukabidhi, mmoja wetu (hatumtaji) akashauri tubadilishe namba moja ili jibu litoke linavyotakiwa. Tukaibadilisha, tukachapa.

Hatukulala. Asubuhi tulimwendea msimamizi tukakiri.

“Vijana,” akasema, “jibu lenu la kwanza ndilo nililokuwa nalisubiri.”

Hesabu ile huichukulia kila elektroni kana kwamba haioni jirani yake. Kumbe katika tabaka za shaba na oksijeni hali ni kama bweni letu: kila kitanda kina mtu mmoja. Wawili wangeenea, lakini elektroni husukumana vikali mno, basi kila moja hubaki mahali pake na umeme haupiti. Tena kila mmoja hulala kichwa kikielekea kinyume na cha jirani. Hivyo ndivyo sumaku zao ndogo zinavyopangana, na kwa nje sumaku haionekani. Fumbo la namna hii de Boer na Verwey walilionyesha mwaka 1937 kwa oksaidi ya nikeli, na Nevill Mott akalieleza.

Ukiondoa elektroni chache, vitanda vikawa wazi, mwendo huanza. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, waliweka bariamu mahali pa sehemu ya lantani. Kwenye nyuzi 238 hivi chini ya sifuri ukinzani ukaanza kutoweka. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Sababu yake wanafizikia wanaibishania hadi leo.

Ripoti tuliiandika upya, jibu la kwanza likiwa ukurasa wa mbele. Tulichelewa kuikabidhi, tukakatwa alama.