Watoto Wasiogeuka Njano

Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1998 yalipita juu ya visima vyetu vifupi, yakapita juu ya vyoo vichache tulivyokuwa navyo, kisha yakashuka. Nilikuwa mganga msaidizi katika zahanati moja ya delta, upande ambao leo ni Wilaya ya Kibiti na siku hizo bado ukiitwa Rufiji. Wiki chache baadaye watoto wakaanza kuletwa: wamechoka, wanatapika, hawataki hata kuuona wali, mkojo umekuwa kama chai ya rangi.

Sikuwatazama ndani, maana mbele ya koroboi kila jicho huonekana la njano. Nilimtoa mtoto nje juani, nikamwambia atazame vidole vya miguu yake, nikainua kope la juu. Baada ya hapo nilivuta kope la chini. Nikikuta ndani peupe, pasipo damu, niliwaza kwanza malaria au selimundu, kwani hizo nazo huleta unjano. Nikikuta pekundu kama kawaida, nilimgusa chini ya mbavu za kulia. Wengi walishtuka kwa maumivu. Kipimo cha kirusi hatukuwa nacho, lakini maji tuliyokunywa yalinielekeza kwenye homa ya ini ya A.

Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa, na wazazi walitaka dawa. Niliwaomba wampe mtoto uji na maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, wasimzidishie panado, wasimnyweshe mizizi. Karibu wote walipona. Mmoja alianza kulala mchana kutwa, akawa hamtambui mama yake, fizi zikavuja damu. Tulisubiri maji yajae ndipo mashua iondoke kwenda Nyamisati, apatiwe gari la hospitali. Hakufika.

Yupo bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kwa mtumbwi, wembe kaufunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, dokta. Fundi kasema achanjwe juu ya ini. Nimeona nipite kwako kwanza."

"Na wembe huu umeshamchanja nani?"

"Hao kaka zake wote, na watoto wa jirani."

Nikamwomba aniachie. Alinitazama kitambo, akauweka mezani.

Wembe ule ulinitisha kuliko macho ya mtoto. Kirusi cha homa ya ini ya B huweza kuishi ndani ya damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili hukitoa. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha yao yote, na mara nyingi hakuna anayejua, kwa sababu mtoto huyo hageuki njano. Anacheza, anakua, anaoa.

Mwaka 2002 chanjo ya homa ya ini ya B iliingizwa nchini pamoja na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda; mwaka 2009 ikawa chanjo ya magonjwa matano. Kwetu ilifika kwa boti, ndani ya kisanduku cha barafu. Chanjo hii ikiganda imekufa, kwa hiyo nilitikisa kila pakiti ya barafu sikioni mpaka nisikie maji yakicheza ndani, ndipo niipange karibu na vichupa. Akina mama walipanga foleni bila kushurutishwa. Nilifurahi mno.

Lakini waliozaliwa kabla ya hapo ndio leo wavuvi na wakata mikoko wetu, na nimewaona baadhi yao wakiletwa wamekonda, tumbo limejaa maji, ini limekwisha sinyaa. Kipimo sasa ni tone la damu, na ipo dawa ya kukituliza kirusi kabla ini halijaharibika. Nikikutana nao Kibiti huwauliza kama wamepima. Mwenye mke mjamzito simwachi aondoke mpaka aniambie ni lini atampeleka kliniki, maana mtoto huweza kuambukizwa siku ile ile ya kuzaliwa.